Watu Sifuri

Kaka,

Sisi wazima. Paa tumeliziba, na paka wako kazaa tena, bila aibu.

Kazini nimepewa hospitali ile ile. Kazi yangu unaijua: napima jengo chumba kwa chumba, kisha naliingiza kwenye kompyuta tujue linakula umeme kiasi gani. Chumba cha maiti tunakiandika kama ghala lolote la baridi: nyuzijoto nne, kuta nene, watu sifuri. Mimi niliandika mmoja. Mkuu wangu akanirudishia: "Tunahesabu watu kwa sababu wanatoa joto. Humu nani anatoa joto?"

Baba alilala humo siku tisa akikusubiri, kwa sababu kila jioni ulipiga simu ukasema unakuja kesho. Siku ya kumi tukamzika bila wewe.

Jana nilirudi kupima mlango upya, nikajikuta nabisha hodi. Fundi wa majokofu akacheka: "Dada, humo hakuna wa kukukaribisha."

Sifuri nimeirudisha. Hasira bado ninazo, kaka, lakini mama bado anatoa joto. Usiniambie kesho.

Mdogo wako, niliyeshika nafasi yako kwenye maziko ya baba.