Kilo za Kaka

Jumapili, 7 Septemba

Kaka amerudi! Kapiga simu asubuhi yuko stendi, nimfuate. Amechukua likizo ndefu shuleni anakofundisha, wifi kabaki na wajukuu. Miaka kumi na sita hatujakaa mashua moja, na hata salamu hazijaisha ananiambia anataka tushindane mbio za kufunga msimu, tarehe 21. Mimi na yeye. Kwenye Tutaona.

Tutaona ni mashua ya Baba. Aliiunda mwenyewe nyuma ya mashine yake ya kusaga, kwa kufuata kijitabu cha michoro. Jirani akamuuliza, hivi hiyo itaelea? Baba akajibu, tutaona. Jina likabaki hapo hapo.

Nimekubali. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yanalia nikiinuka kwenye cherehani, na nimekubali bila hata kufikiri.

Jumatano, 10 Septemba

Tumeitoa bandani. Rangi imebanduka, mbao nzima. Panya wamekula kona ya tanga kubwa. Nimelitandaza dukani, wateja wanaliruka kama dimbwi. Mama mmoja kauliza ni shuka la nani mtu mkubwa hivyo.

Viraka vya zamani vyote ni vyangu. Kile chekundu nilikishona nikiwa darasa la saba, kwa gauni langu lililonibana. Baba alilipandisha tanga siku hiyo, akarudi nyuma hatua kumi kulitazama, akasema sasa tutaonekana kutoka mbali. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Ninammisi yule mzee. Basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo tumepimwa, kama zamani.

Kwa Baba hakuna kitu ambacho hakikupanda mizani. Aligundua kwamba Tutaona hukimbia vizuri watu wawili wakiwa na jumla ya kilo mia na arobaini mpaka mia na arobaini na tano. Wakipungua, upepo unaiangusha. Wakizidi, inaburuta tumbo. Kwa hiyo kila mkesha wa mbio tulipanda mizani ya magunia, tumevaa nguo zile zile za kuingia nazo majini. Baba akasoma, akaandika kwa chaki mlangoni. Mimi nilikuwa mdogo mno, ndiyo maana akaniita Kibaba. Mama alinishindilia viazi na maji mpaka tumbo linalia nikitembea.

Mwaka mmoja tulifika mia na thelathini na moja tu. Kesho yake bendera za klabu zikasimama kwa upepo, Baba akatutoa mashindanoni, mashua iko tayari majini. Tulilia mbele za watu. Siku hiyo mashua tatu zilipinduka. Hakusema "mmeona?" Alitununulia soda.

Mizani bado iko kwa Mama, stoo, na ndiye aliyesoma leo. Mimi sabini na tisa – Kibaba kimejaa. Kaka, na koti lake la upepo la enzi zile, sitini na tano. Jumla mia na arobaini na nne! Bila kiazi hata kimoja.

Mama kasoma mara mbili. Kamtazama Kaka, kasema uso umekonda hivyo, hizo kilo zimekaa wapi? Kaka kasema zimekaa kwenye mifupa, ni za zamani, imara. Tulicheka. Kaka kaandika 144 mlangoni, chini ya mwandiko wa Baba.

Jumapili, 14 Septemba

Mazoezi. Mikono imechubuka, mgongo si wangu. Raha tupu.

Kaka kwenye usukani, mimi mbele na tanga dogo. Hakuna aliyemfundisha mwenzake upya. Anakohoa kidogo kabla ya kugeuza, kama alivyokuwa akikohoa ana miaka kumi na tano, na mimi ninainamisha kichwa kabla hajasema. Mikono ilikumbuka yenyewe.

Daktari wa Meno alitupita akiwa na mkewe. Tumeshindana naye tangu shule ya msingi, wakati huo yeye ndiye asiye na meno ya mbele. Akapaza sauti: haba na haba, Kibaba! Nitamwonyesha.

Kaka alichoka mapema. Alikaa kwenye gati muda mrefu, viatu mkononi. Kasema ni mikono ya chaki hii, imezoea ubao.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Kaka alisahau koti lake hapa dukani. Nikaona mkono umefumuka, nikasema nilitie mshono mara moja. Kulinyanyua – zito. Koti la upepo, jepesi kama gazeti, linanivuta bega.

Ndani ya bitana, pande zote mbili, mawe ya mizani. Ya ile mizani ndogo ya Baba ya rejareja. Manne ya kilo mbili, moja la kilo moja. Yameshonewa ndani. Na mshono niliujua kabla ya kuyajua mawe: mshono wa kufunga gunia, unaruka mbali-mbali, fundo mwishoni. Baba alitufundisha sote wawili. Kaka hajawahi kujua mwingine.

Kilo tisa. Kwa hiyo ana hamsini na sita. Mtu aliyeondoka kwetu na themanini.

Nikayarudisha, nikashona tena. Ilinibidi nijitahidi kushona vibaya kama yeye. Mteja kauliza mbona nalia, nikasema vitunguu. Duka la nguo.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemwambia. Tulikuwa tunapaka mashua mafuta chini. Nikasema, Kaka, mawe ya Baba yarudishe stoo. Akaendelea kupaka, kitambaa kikizunguka pale pale.

Kasema ni miezi minne sasa. Jumatano anaanza matibabu, ya muda mrefu, na hospitali hawakumficha kwamba huenda yasisaidie. Wifi anajua. Watoto wanajua. Mama hajui, nami nisimwambie, atamwambia mwenyewe baada ya mbio.

Nikamuuliza, sasa mawe ya nini? Si ungesema tu?

Kasema, ningesema ungenikubalia kupanda? Wewe ni mtoto wa Baba. Ungepima, ungenitoa.

Kweli. Ningemtoa.

Kasema tena, taratibu: huko kote mimi ni mgonjwa, Kibaba. Wananishika mkono hata nikienda chooni. Kwenye mashua wewe unaningoja nikohoe.

Niliinuka nikaenda kusafisha ndoo iliyokuwa safi.

Jioni hatukupima. Mama kauliza, leo vipi? Kaka kasema uzito ni ule ule wa juzi. Mama kasema haya, akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, 21 Septemba

Niko kwenye benchi la banda.

Bendera zimesimama. Zimekakamaa kabisa, kamba zinagonga milingoti. Wawili wameshajitoa. Daktari wa Meno kapunguza tanga lake, na yeye na mkewe wana mia na sabini. Sisi mia na thelathini na tano. Kaka amekuja na fulana na jaketi okozi tu, koti kaliacha nyumbani, na mikono yake, naiona sasa, ni myembamba kuliko ya mwanangu.

Nimemwambia tusiende. Kasema sawa, wewe ndiwe wa kusema, nikisikia kwako nitashuka. Kisha akaingia kwenye mashua akakaa kwenye usukani. Hajaniharakisha. Anatazama maji, na amechangamka.

Mama amekuja! Daktari wa Meno ndiye aliyempitia kwa gari. Hajakanyaga hapa tangu tumzike Baba. Kaketi kando yangu, mkoba magotini. Ikanishinda. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, koti, mawe, hospitali, Jumatano. Nikangoja apige kelele, amwite, amshushe yeye. Ndivyo nilivyotaka, nisiwe mimi.

Hakupiga. Kasema: "Macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Uzi nilimtungia mimi."

Kasema hakumuuliza wa nini, naye hakumwambia.

Kisha akainuka, akashuka mpaka majini na viatu vyake vya kanisani. Ameishika kamba ya Tutaona. Haivuti, haiachii. Wote wawili wamegeuka wananitazama mimi.

Honi ya dakika tano imelia. Kaka anakohoa, na kichwa changu kimeshainama.