Punje ya Kahawa Pindoni

Kahororo,
Bukoba.
10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Esther,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Habari za Tunduma? Shemeji na watoto hawajambo? Kifua cha huyo wa mwisho kimetulia, au baridi ya huko bado inamsumbua? Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua inanyesha kila siku, senene wameanza kuanguka, na Datius mume wangu ameacha kulalamikia mgongo, kwa hiyo naamini umepona.

Nimekupigia mara tatu wiki hii na mara zote una wateja dukani, unaniambia nikuandikie ujumbe. Jambo lenyewe haliwezi kuingia kwenye ujumbe. Ndiyo maana nimekaa na kalamu kama mwanafunzi, na barua hii naipakia kwenye basi kesho asubuhi.

Ni Mama, na nguo zake.

Unamjua. Peke yake pale Izimbya, na bado ana gauni la kibanjani kwenye migomba, la jikoni, na la jioni taa ikishawashwa, hata kama hakuna mgeni anayekuja. Siku ya kwanza ya kuchuma kahawa lazima avae la bluu. Kumwona mgonjwa ana lile la maua lililopauka, maana anasema mgonjwa akikuona umependeza sana atadhani umekuja kumuaga. Sherehe, la krimu. Msiba, jeusi. Hayo mawili fundi Joanitha alimshonea siku moja, kitambaa cha aina moja, mshono mmoja, rangi tu ndiyo tofauti. Mimi mwenye sweta moja la kijani nimemsubiri mlangoni abadilishe nguo miaka yote hii, mpaka nimechoka. Ibada ngapi tumeingia watu wako kwenye mahubiri.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mjukuu wangu, mtoto wa Penina, alikuwa anabatizwa huko Muleba kwa wakwe zake. Siku mbili kabla, nikaenda Izimbya kumfulia Mama na kumpigia pasi. Yeye alikuwa kwa jirani yake Georgina. Katika kupiga pasi nikahisi kitu kigumu kwenye pindo la gauni la krimu. Nikapasua, nikakuta punje ya kahawa. Nikashika jeusi, lina kifungo cha koti. La bluu lina fundo la kamba ya mgomba. Kila gauni lilikuwa na chake, kimeshonewa kwa ndani.

Esther, niliweka pasi chini. Nilijua ni hirizi. Mama aliyetukaririsha Katekisimu kwa fimbo, leo anatembea na dawa pindoni? Nikachukua wembe, nikavitoa vyote, nikavitupa chooni, nikashona mapindo upya, nikayatundika magauni na kwenda zangu. Sikumwambia neno. Nilisema nitazungumza naye baada ya ubatizo, nisiharibu furaha ya watu.

Furaha iliharibika yenyewe. Jumapili alikuja na gari la akina Georgina, amejifunika koti la mvua mpaka miguuni. Tulipofika mbele ya kanisa zima, mtoto yuko mikononi mwa mchungaji, Mama akalivua koti, na ndani amevaa jeusi. Gauni la mazishi ya Baba, kwenye ubatizo wa kitukuu chake. Na alikuwa anatabasamu.

Mzee Rutashobya, mkwe wa Penina, aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Shangazi zao wakaanza kunong'onezana. Unakumbuka Mama alivyonuna mtoto alipopewa jina la upande wao? Nikajua ndilo jibu lake, na amelileta hadharani. Penina alilia chumbani mpaka chakula kikapoa. Mimi sikumuaga Mama. Siku ishirini sikukanyaga Izimbya, na akipiga simu nampa Datius.

Jumamosi ya tarehe pili Datius akanichosha, akasema kama siendi atakwenda yeye. Nikaenda nimefura. Njiani nilipanga maneno yangu yote, na mengine nisingeweza kuyaandika hapa.

Nilimkuta amekaa kitandani, magauni yote mapajani. Sindano sita zimechomekwa kwenye mto, zote zina nyuzi tayari, Georgina kamtungia. Pembeni kuna kisahani chenye punje za kahawa na vifungo. Alikuwa anapapasa pindo, anashona, bila kuangalia mikono yake. Nilisimama mlangoni, naye akaniuliza, "Ni Georgina?" Mimi niko hatua tatu mbele yake, kwenye mwanga.

Nilipojibu akaichomeka sindano kwenye mto. Kisha akasema, bila hasira, "Mwana wange, ulinitoa macho. Asubuhi ile nilipapasa mapindo yote nikakosa alama, gari linapiga honi, nikakisia. Lakini nami sikukuambia kwamba ndiyo hayo."

Yale maneno niliyopanga njiani sikuyaona tena. Nimekasirika tangu siku ile mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani. Yeye kwa kuficha? Nani angemdhania haoni mtu ambaye hata siku moja hajakosea gauni? Nyumba anaijua kwa miguu, watu anawajua kwa sauti. Georgina kwa kumtungia nyuzi na kunyamaza? Au mimi, na wembe wangu na dini yangu? Na wewe pia usijitoe. Kila ukinitumia picha za watoto nimekuwa nikimpa simu azitazame, naye anasema wamependeza, wanafanana na Baba. Hakuwa anaona kitu. Magauni mapya unayomtumia kila Krismasi anayapapasa tu, kisha anakupigia kukushukuru kwa rangi ambazo Georgina ndiye aliyemtajia.

Jumatatu nikampeleka hospitali. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari amesema ugonjwa unatibika. Atafanyiwa jicho la kulia Alhamisi tarehe 28, Ijumaa watamfungua bandeji. Ungedhani atafurahi. Alikataa. Alisema nyumba yake anaijua, kibanja anakijua, aone nini tena. Kutwa nzima tumebishana, mpaka ikajulikana kinachomkera ni gauni la hospitali. Kwamba liko wazi mgongoni, na kwamba siku kubwa kama hiyo atavalishwa nguo ambayo hakuichagua. Nilitoka nje nikapumua kwanza.

Jana amekubali, kwa sharti. Kama yeye hachagui nguo yake, basi atachagua yangu. Ijumaa wakimfungua, anataka anikute nimevaa gauni la njano la harusi ya kaka yetu Mugisha, ile sare yetu. Nikamuuliza kwa nini hilo. Akasema, "Ndilo la mwisho nililokuona nalo vizuri."

Harusi ya Mugisha ilikuwa Desemba 2020. Hesabu mwenyewe.

Langu nililikatakata mwaka juzi kuwa matambara ya kudekia, na sitamwambia hilo hata mbele ya mchungaji. Lako najua unalo, hutupi kitu. Litie kwenye basi lifike kabla ya tarehe 24. Wewe ulikuwa mwembamba, kwa hiyo Joanitha ataongeza kitambaa ubavuni, na kama rangi haitalingana basi haitalingana. Usimtumie Mama nguo yoyote. Na ukipiga simu usimuulize kama ni mzima, maana atakujibu ni mzima. Mwambie akubali na jicho la kushoto.

Punje ya kahawa ninayo tayari. Nitaishona pindoni mwenyewe, ili kabla hawajamfungua alishike gauni, ajue nimekuja nimevaa alivyosema.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwabusu. Datius anakusalimu, na Penina pia, ambaye sasa analia kwa sababu nyingine. Mungu aliyetulinda tukiwa hatuoni aendelee kutulinda tukiona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Elieth