Irabu Moja ya Zubeiri

Jumatatu, 4 Agosti

P imerudi! Leo asubuhi Zubeiri kasema "papai". Zima, mwanzo hadi mwisho, hakumeza hata silabi moja. Basi midomo inafanya kazi — M, B, P, zote zipo. T ipo. Ch ilirudi juzi kwenye "chai". Isiyopatikana ni R. Nimemwambia aseme "redio". Kasema "ledio", halafu "edio", halafu kanikasirikia akageukia ukutani.

Maisha yangu yote nimefundisha darasa la kwanza, ba be bi bo bu, hadi nikastaafu. Sikujua kumbe mwanafunzi wangu wa mwisho atakuwa mume wangu. Dalali wa samaki soko la Dipsii! Akinadi nguru, watu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanageuka. Kiharusi cha mwezi wa tano kimechukua mkono wa kulia na ulimi.

Mchana kaniomba kaa. Nikamletea kipande cha mkaa, nikidhani anataka tufukize udi. Kumbe anamtaka kaa wa kula! Kwao Mtang'ata, upande wa Tongoni, maneno haya mawili hawayachanganyi. Kaa wa pwani anatamkwa na pumzi, kaa la moto halina pumzi. Sasa ile pumzi yake imepotea. Aliuangalia mkaa ule akacheka hadi machozi, na mimi nikacheka. Mimi nikanyamaza, yeye machozi yakaendelea, na hakuwa anacheka tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Ndiyo na hapana bado kwake ni kitu kimoja. Unataka uji? Anaitikia kwa kichwa. Hutaki? Anaitikia vilevile. Mtu wa mazoezi hospitalini alisema tusiwe na haraka.

Wifi Tausi amefika kutoka Tongoni, na kikapu cha mihogo na shuka zake. Ni dada yake wa pekee, na anampenda, hilo simnyimi. Ila hajakaa saa moja, kaanza: huku Chumbageni joto, kelele, bora ampeleke kaka yake kwao akapate upepo. Nimemwambia wifi, mume wangu hahami. Kachukua kisu akaanza kumenya mihogo. Hajakubali, namjua.

Zubeiri hapendi nikimwosha. Anafumba macho mpaka nimalize. Leo nimembadilisha nguo mara tatu, na mara zote tatu kafumba.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui niandike vipi.

Nilikuwa nimemaliza kumwosha, nimemkalisha, nampaka mafuta miguuni. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Akanitazama — macho wazi, si ya mtu aliyechanganyikiwa. Akasema, polepole, kila silabi mahali pake:

"Nimekuacha."

Nikapiga makofi! Wallahi nilipiga makofi, kama nilivyokuwa nikiwapigia watoto wakisoma sentensi ya kwanza. Sentensi nzima! Na nafsi, na wakati, na mtendwa, na kitenzi! Nikasema hongera mzee, hongera. Sikusikia neno, nilisikia sauti tu.

Tausi alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alisikia neno. Akaniuliza taratibu, "Wifi, umesikia alichonena?"

Ndipo nikasikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Ni "nimekuachia". Nimemwambia Tausi hivyo na nitamwambia tena kesho. Alitaka kusema nimekuachia — nimekuachia taabu, nimekuachia kazi yote hii. Irabu moja imeanguka. Mtu ambaye hata R hana, I ikimponyoka nani atashangaa?

Tausi hakupandisha sauti. Angefoka ningejua la kumjibu. Alisema tu kama ni talaka basi ni talaka, na mimi si halali kumgusa mpaka shehe aseme. Kamwita Uweso, binamu yao, mtu mzima mwenye mikono mizito. Ndiye kamwosha leo. Nimekaa nje ya mlango wa chumba changu mwenyewe nasikiliza maji. Anamsugua kwa nguvu mno! Nikasema kwa sauti, Uweso, bega la kulia linamuuma. Tausi akafunga mlango.

Nimelala chumba cha wageni. Godoro linanuka nondo.

Jumatano, 13 Agosti

Shehe Badru kapigiwa simu. Atakuja Ijumaa baada ya sala. Kasema tusihukumu, maneno ya mgonjwa yanaangaliwa. Tena kasema kama ni talaka ni moja, na mume anaweza kumrejea mke wake ndani ya eda. Nikashusha pumzi. Halafu akaongeza: lakini lazima atamke.

Nimekurejea. Hilo ndilo neno. R iko katikati! Najua, najua, shehe hatakataa "nimekulejea", si mtihani wa imla. Lakini nimelia kwa ajili ya hiyo R mpaka kichwa kikauma.

Hapo najidanganya. R siyo inayonitisha. Kinachonitisha ni kama anataka kulitamka.

Alhamisi, 14 Agosti

Mungu anisamehe kwa nilichosikia, maana sikutega sikio.

Mchana nilimpelekea samaki, changu wa kukaanga. Hilo Tausi hajanikataza. Nikamwekea, nikatoka. Nilikuwa nimesahau chumvi, nikarudi. Paka wa jirani yuko chini ya kiti chake. Zubeiri kala nusu, kisha akakisukuma kichwa cha samaki mpaka ukingoni mwa sahani, kikaanguka sakafuni. Akainama. Akamwambia paka:

"Nimekuachia."

I ikiwa pale. A nyuma yake. Safi, darasa zima lingesikia.

Nilisimama na chumvi mkononi. Hakuniona. Nikarudi jikoni nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikasahau kwamba meno ya mbuzi yako wazi, nikachana kanga.

Anaiweza. Paka anapewa irabu zote. Mimi Jumapili nilipewa kile alichokusudia kunipa.

Sasa namwelewa, na ndicho kinachoniua. Yale macho aliyokuwa akifumba! Haoni vibaya mimi kuwa mkewe, anaona vibaya kuwa mzigo wangu. Anadhani ananifungulia mlango. Nani kamwomba? Nani kamwambia nimechoka? Nimechoka, ndiyo! Mgongo umekufa. Lakini nilimwambia nataka kutoka? Ningekuwa na ruhusa ya kumgusa ningemtikisa mabega yote mawili, na lile bovu. Nampenda mwanamume huyu mjinga.

Tuliosikia ni mimi na paka tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Wapo sebuleni. Naandika jikoni, nimesimama.

Shehe kaanza vizuri, kwa upole. Kamuuliza Zubeiri, umemwacha mkeo? Kaitikia kwa kichwa. Hukumwacha? Kaitikia. Basi sema mwenyewe, ndugu yangu, chukua muda wako. Zubeiri kafunga mdomo, katazama ukuta. Tausi analia, kweli analia, si wa kuigiza.

Ndipo shehe akanigeukia mimi. Akasema, mwalimu, wewe ndiye unayeufundisha ulimi wake, hapa hakuna anayeujua kukushinda. Wifi yako kasikia nimekuacha. Wewe unasema ni nimekuachia, irabu ikaanguka. Sitakuapisha. Niambie tu, hiyo I na A zikifuatana, anaziweza au haziwezi?

Nikasema ngoja nitie chai.

Nikisema anaziweza, nimeachika kwa mdomo wangu. Itabaki nimsubiri anirejee, mtu ambaye kanyamaza mbele ya shehe leo. Tongoni watamchukua kesho.

Nikisema haziwezi, nimebaki mkewe. Nitamwosha mimi, kwa mikono yangu. Lakini halafu? Kila siku anapata sauti mpya. Wiki ijayo atamwambia Tausi "nasikia", atamwambia shehe "ingia", na wote watajua. Itabidi nisimfundishe tena. Itabidi kila neno analolipata liniogopeshe. Mimi, niliyepigia makofi P!

Nitakuwa naomba asipone.

Chai imechemka ikamwagikia jiko. Zubeiri anakohoa — sasa anasema kitu, sauti yake, simsikii vizuri kwa kilio cha Tausi. Tausi ananiita. Naam wifi, nakuja, nakuja, vikombe tu