Njumu Zako Ziko Chini ya Kitanda cha Mama

Rudewa,
Kilosa.
11 Mei, 1975

Mpendwa kaka Makarius,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Hildegarda na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Sisi tunaendelea, isipokuwa mama, ambaye kifua kinambana tangu siku mto ulipoingia nyumbani. Nimeanza na salamu, kaka, maana barua yako ilianza na njumu. Nilipomsomea mama, ilibidi nimtungie salamu zako papo hapo, nikazisoma kana kwamba umeziandika.

Unauliza kama njumu zako za mpira zimepona. Zimepona, ila hazikupona zenyewe. Tangu tuhamishiwe huku bondeni kwenye kijiji kipya, masika yakizidi kidogo tu tunakimbia na vyungu kichwani. Sanduku lako ulilotuachia lilikaa majini. Nilipolifungua nilikuta njumu zimevimba, zimeota ukungu, na soli ya kushoto imepanua mdomo.

Nilitaka kuzianika juani, mama akanikaripia: "Wewe Costancia, unataka zikakamae? Lete hapa kivulini!" Akazijaza maganda makavu ya mahindi, akawa anayabadilisha kila yakilowa. Soli aliishona mwenyewe, amekaa kitandani na shazia na uzi wa katani, huku anakohoa. Meno mawili yalikuwa yameng'oka; nilichonga mengine kwenye kipande cha tairi nikayapigilia.

Sasa nikueleze kinachonichoma. Ngozi ilibaki ngumu kama gome. Mume wangu Damiano, ambaye bado yuko kibaruani Mikumi, alikuwa amemletea mama kopo la mafuta ya mkia wa kondoo, ya kunywa na ya kuchua kifua. Siku moja nilikwenda shamba la kijiji, maana ukikosa zamu unasemwa mkutanoni. Niliporudi nilikuta kopo tupu na njumu zinang'aa. Nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, "Mafuta yangu yatapatikana mengine. Makarius atakuja kuzichukua." Nililia kwa hasira, kaka, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Mafuta mengine hayajapatikana.

Umeagiza nimpe mtu wa treni akuletee upesi kwa sababu mna mechi. Nilikwisha kuzifunga kwenye gazeti, mama akazifungua. Akasema, "Zikienda na treni, mwenyewe haji." Tangu hapo ameziweka chini ya kitanda chake, na kila asubuhi anashusha mkono kuzipapasa.

Mganga wa zahanati ameniita pembeni akaniambia nikuite, nisichelewe. Mama hajui.

Kwa hiyo sizitumi. Huko kwenye timu yako utaazima njumu za mwenzio ucheze. Mama wa kuazima hutampata.

Msalimie wifi, watoto, na mjomba Oswald ukimwona. Baba mdogo Stefano anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na salamu zake sikuzitunga: anasema ngozi ya njumu imelegea kidogo kwa mafuta, kwa hiyo uje na soksi nzito.

Mungu akupe afya, na akufungulie njia ya nyumbani mapema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Costancia