Kamusi za Babu Zisirudi Kabatini

Nabuyoga, Tororo
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Anjeline,

Kamusi isiyo na alama za vidole vya watoto ni kaburi la pili la Babu. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami nitaitetea.

Uniwie radhi kwa kuitanguliza mbele ya salamu. U hali gani huko Mombasa? Mguu umepata nafuu? Sisi tu wazima, na mahindi yameshatoa ndevu.

Mzee Okochi, mwenyekiti wa kamati ya shule, amenisomea agizo lako mbele ya darasa: kamusi ishirini ulizotoa kwa jina la Babu Osinya zifungiwe kabatini, nawe utazichukua siku ya kumbukumbu yake, kwa kuwa ukurasa mmoja umechanika.

Ulichanika kweli, na aliyewapa watoto kamusi hizo ni mimi, mwalimu wao. Darasa la nne hawakujua pa kuanzia. Walipekua ukurasa mmoja mmoja hadi kengele ikalia. Nikawafundisha kufungua katikati, kutazama neno lililo juu, kisha kuamua kurudi au kusonga mbele. Hamidah, binti wa dereva wa lori, alitafuta “ngano” akaangukia herufi S. Wenzake wakamzomea: “Wewe Hamidah, umeshavuka mpaka bila kitambulisho! Rudi upande wetu!” Akarudi kwa pupa, karatasi ikachanika. Neno alilipata. Lakini tangu agizo lako lisomwe, hagusi kitabu chochote, na akiniona hujificha nyuma ya wenzake.

Shangazi, nimesoma mengi chuoni, ila ushahidi wangu mkuu uko hapa mezani: kamusi ya Babu mwenyewe, aliyoitumia miaka ishirini akiwajazia madereva fomu pale mpakani Malaba. Pembe zake zimelika kwa kidole gumba chake. Penye herufi K pana doa la chai. Je, hiyo nayo ungeifungia?

Wasalimie Bridgit na Mjomba Nashon. Mama anakuombea kila Jumapili. Mungu akufikishe salama.

Usinijibu kwa simu ya faragha. Siku ya kumbukumbu, simama mbele ya ukoo na watoto, Hamidah akiwa mstari wa kwanza, utamke kama kamusi zinabaki au zinaondoka, na umweleze yeye ni kwa nini.

Mwana wa kaka yako, akupendaye hata anapokupinga,
Lenox Othieno