Dakika Sita za Bendera

MAELEZO YA SHAHIDI
Kolwezi, tarehe 15 Septemba 1976, saa tatu asubuhi

Mimi naitwa Mwenze Banza, umri miaka 31, kazi jandarme, ninakaa kambini hapa Kolwezi na mke na watoto watatu. Kabla ya kuvaa nguo hii ya askari nilifanya kazi miaka minne kwenye ambulansi ya mgodi. Ninaeleza mbele ya mkaguzi Kabongo, bila kulazimishwa na mtu.

Mnamo tarehe 14 Septemba, Jumanne, saa moja na dakika kumi na tano asubuhi, nilikuwa mlangoni mwa kituo chetu, njia ya Mashamba. Alifika tata Tshibangu, fundi wa malori ya mgodi, pamoja na mke wake, mama Ngalula. Walitaka mhuri kwenye karatasi ya safari: binti yao amezaa kule Tenke, na treni ilikuwa inaondoka saa tatu. Tata alikuwa anafuta jasho na kusugua mkono wa kushoto. Nikamtania, maana sasa amekuwa babu: "Nkambo, mutoto ndiye alizaa, na weye ndiye unasikia uchungu?" Alicheka.

Saa moja na nusu filimbi ikalia. Kila mtu anajua: bendera ikipanda, mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo anasimama nao kichwani. Mwezi wa tano mwenzangu mmoja alifukuza nyuki usoni, akafungiwa kasho siku tatu. Basi tulisimama wima, mkono kwenye kofia, tukaanza wimbo.

Dakika mbili baadaye tata Tshibangu alianguka, hatua kumi kutoka kwangu. Hakujikinga hata kwa mikono. Alivuta pumzi mara mbili kama anayekoroma, kisha basi. Nilijua moyo umesimama. Mgodini muuguzi alitufundisha: "Moyo ikisimama, muko na dakika ine. Kisha ile, munakanda nyama tu."

Mama Ngalula alipiga magoti akamwita "Tharcisse! Tharcisse!", jina la ubatizo ambalo siku hizi, tangu serikali ikataze majina ya kizungu, halitajwi mbele ya wakubwa. Akatugeukia: "Ba tata, munaangalia tu? Anakufa!" Mkuu wetu, adjudan Badibanga, alisema bila kugeuza shingo: "Hapana kutikisika!"

Hapo kamba ikakwama. Bendera ilibaki katikati ya mlingoti, na adjudan akaamuru tuanze wimbo upya, kwa sababu haufai kwisha kabla bendera haijafika. Tukaimba. Mimi pia niliimba. Tulikuwa jandarme tisa wenye bunduki, na mwanamume hakuwemo hata mmoja. Nilifikiri kasho, nikafikiri nyumba ya kambi na watoto wangu. Sikwenda.

Bendera ilifika juu saa moja na dakika thelathini na nane. Ndipo nilipokimbia. Nilikandamiza kifua, nikampulizia hewa mdomoni, nikasikia ubavu mmoja ukivunjika chini ya mikono yangu. Nilikandamiza mpaka saa mbili na dakika tano, wenzangu wakanivuta.

Mama Ngalula alikuwa ameketi chini, amekamata kiatu cha bwana yake. Akaniuliza: "Tata, hii kazi ulikuwa unaijua?" Nikamjibu: "Ndiyo, mama. Nilikuwa naijua." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jana jioni adjudan aliniambia niseme kwamba tata alianguka bendera ikiwa imeshafika juu. Nimekataa. Watu wasiseme ni ushujaa. Ushujaa ulihitajika saa moja na dakika thelathini na mbili, na saa ile mimi nilikuwa naimba.

Haya ndiyo maelezo yangu, niliyoyaona na niliyoyaacha yatendeke, mengine sina.

(sahihi) Mwenze Banza

Maandishi ya mkaguzi: Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye ameyathibitisha, isipokuwa mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimeandika "nilishindwa kumfikia". Ameomba nifute, niandike "sikwenda". Nimefuta.

(sahihi) Kabongo, mkaguzi