Rubani wa Sebuleni

Jumatatu, 21 Agosti 2023

Imekamilika! Wiki sita nimehangaika na huu mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, na leo ndege ya kwenye kioo imekuwa yangu kabisa. Nimeivua magurudumu ya kiwandani, nimeivika yale manene ya kutulia porini. Mabawa nimeyarefusha, injini nimeiongeza nguvu. Mstari mwekundu ubavuni, namba zangu mkiani. Hata pale mlango ulipobonyea nimepachora.

Kinachokosekana ni harufu ya mafuta. Na baridi. Na mimi mwenyewe, kwa kweli.

Mwezi wa tatu daktari alikataa kunitilia sahihi cheti cha urubani. Moyo, anasema. Miaka thelathini na nne natua mahali ambapo hata bata angefikiria mara mbili, halafu mtu wa koti jeupe anasema basi! Ndege ya kweli sasa anairusha binti yangu, Signe. Na mchezo huu ni yeye aliyeniletea. Angalau utapaa, Baba, akasema. Kupaa! Nimevaa soksi!

Jumatano, 23 Agosti

Wassillie jirani yangu kaja na samoni wa kukausha. Kanikuta nimeshika usukani, ulimi nje.

"Rubani wa sebuleni! Abiria umewafunga mikanda?"

Nikamwambia akae kimya, natua. Akakaa, akatafuna samaki wake, akaniangalia nikitua. Akauliza kama kule ndani kuna mbu. Hakuna. "Basi hiyo si Alaska," akasema, akaenda zake. Mtu huyu nimemfahamu tangu tuna nywele. Sina hamu naye.

Jumamosi, 26 Agosti

Mara ya arobaini leo kwenye fungu langu la changarawe, ule ufuo mkavu ndani ya Mto Kulvak. Nahesabu.

Fungu hilo hakuna mtu alijuaye. Huku kwetu rubani atakuazima msumeno, atakuazima hata mashua, lakini mahali anapotua kuwinda hakwambii. Marehemu baba alinionyesha lake akiwa kitandani, siku tatu kabla hajakata roho. Wassillie nimembeba mara ngapi, na kule sijawahi kumpeleka.

Kwenye mchezo, mtu yeyote aliyeko popote anaweza kutua pale na hata asijue ametua wapi. Inaniuma. Lakini nimetua vizuri, upande wa kulia, mita sitini tu. Siku hizi sipitishi hata magurudumu kwanza. Zamani ilikuwa lazima: unagusa changarawe, unapaa tena, unazunguka kuangalia alama zako. Zikijaa maji, chini ni tope, hutui. Kwenye kioo hazijai kamwe. Raha mustarehe!

Jumatano, 30 Agosti

Tumegombana na Signe.

Alikuja mchana, akajipikia kahawa, akazunguka mbuyu weee, mwisho akatoboa: keshokutwa msimu wa kulungu unafunguliwa, na mafungu anayoyajua yeye yatakuwa na ndege nne nne. Anaomba langu.

Nikasema sijafa bado.

"Hakuna aliyesema umekufa, Baba. Mbona kila kitu unakifanya matanga?"

Maneno yakawa mengi. Nikamwambia umechukua ndege, sasa unataka na mto. Machozi yakamlenga, mama yake mtupu. Nikaona aibu, na mtu mwenye aibu hutoa zaidi ya alichoombwa. Nikachukua karatasi, nikamchorea. Ingia kutoka kusini. Gusa pale mwanzo kabisa. Kaa kulia, ndiko kupana.

"Kulia? Una uhakika?"

"Nimetua pale majuzi!"

Akanitazama. Majuzi, Baba? Kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa. Damu ikanipanda. Nikamwambia nimetua mara arobaini, kulia, bila kupitisha magurudumu, wanaopitisha ni waoga wanaopoteza mafuta. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mlangoni akanibusu utosini.

Nilifurahi, niseme kweli. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyekuja kuniuliza kitu ninachokijua.

Ijumaa, 1 Septemba

Asubuhi. Ameondoka saa tatu, peke yake, na mizigo ya kambi. Saa saba atarudi kumchukua Wassillie, ambaye hajaambiwa wanakokwenda. Nimekaa kwenye kompyuta nikaruka naye, dakika kwa dakika. Nimetua kabla yake. Ha!

Saa nane. Bado. Wassillie kakaa jikoni kwangu na bunduki yake na buti zake. Eti labda anakunywa chai. Signe hanywi chai.

Saa tisa na nusu. Kile kidude cha Signe cha setilaiti kilituma ujumbe saa nne na dakika kumi: naliona fungu. Basi. Hakuna kingine.

Wassillie akasema, bila ubaya, anaongea tu kujaza kimya: mwaka huu mito yote imekula kingo. Nikasema kingo za Kulvak hazijaliwa, kulia ni pakavu. Akauliza nimejuaje. Nikaenda kabatini, nikatoa picha za mwaka juzi.

Ndege yangu imeegeshwa kushoto. Kwenye kila picha, kushoto. Na mwandiko wangu mwenyewe nyuma ya moja: kulia juu changarawe, chini tope, nusura tupinduke.

Nusura tupinduke! Nilikuwemo! Tulichimba siku nzima kwa sufuria! Nimesahauje? Nimetua kulia mara arobaini nikiwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, na kila mara tope lile limefutika kidogo kichwani, limefutika kidogo.

Labda hakunisikiliza. Tangu utoto hajawahi kunisikiliza. Ee Mungu, na leo asinisikilize.

Saa kumi. Nimepiga simu kwa waokoaji. Mwanamke, sauti tulivu. Nimemtajia mto, bonde, fungu, yote, Wassillie amesimama pembeni anasikia. Mwanamke kaniambia nisikate, anamwita rubani wa helikopta. Naandika huku nangoja, simu sikioni.

Mwanamke amerudi kwenye simu. Rubani anataka kujua changarawe ikoje, kama wanaweza kushusha helikopta pale. Nikasema sijui. Anasema, lakini mzee, wewe ndiye unayepajua.

Anauliza mara ya mwisho nilitua pale lini.

Anauliza tena. Wassillie ameweka bunduki chini, ananitazama. Naye anataka kujua.